Nataka kusikiliza mjadala bungeni nikiwa mgeni katika nchi ya watu: nianzie wapi?

Mwanasafari aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu hapa, lakini leo nina jambo ambalo sijaliona likijadiliwa kwa kina. Mimi na mama yangu tunapanga safari ya wiki tatu itakayotupitisha London, Berlin na Washington, na kati ya yote tunayoshauriwa kwenda kuyaona, hakuna linalotuvuta kama kukaa katika jukwaa la wageni la Bunge na kuwasikiliza wabunge wakijadili jambo. Sizungumzii ile ziara ya kuzungushwa ndani ya jengo ukionyeshwa sanamu na viti vitupu. Nataka tumwone Spika akiwa kitini, mbunge akisimama kuomba nafasi ya kusema, waziri akitakiwa kutoa maelezo, na tukijaliwa, tuone kura ikipigwa.

Shauku hii kwa kweli ni ya mama. Tangu sijazaliwa amekuwa akisikiliza vikao vya Bunge redioni. Anaijua tofauti ya kuomba mwongozo na kutoa taarifa, na mzungumzaji akitoka nje ya hoja yeye humrudisha kabla ya Spika. Hata hivyo, hajawahi kukaa ndani ya ukumbi wa Bunge lolote. Sasa ana umri wa miaka 73 na anatembelea mkongojo, na ndiyo sababu sitaki kubahatisha.

Naomba kufahamishwa: je, mtu asiye raia anaruhusiwa kuingia na kusikiliza, au ni mpaka aalikwe na mbunge? Ni siku zipi na saa zipi zinazofaa? Nimesoma kwamba Maswali kwa Waziri Mkuu kule London ndiyo shughuli inayovuta watu kuliko zote. Je, tuilenge hiyo? Na ninyi mliokwishafika, mliona nini hasa mlipokaa pale juu? Tunafikiria kusafiri mwezi wa Agosti.

Karani Mstaafu alijibu:

Ndugu Mwanasafari, kwanza nifikishie shikamoo yangu kwa mama.

Nianze na neno lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kuyaharibu mengine yote. Msisafiri Agosti. Bunge si jumba la makumbusho linalofunguliwa kila asubuhi; lina mikutano na lina mapumziko, na Agosti ni mwezi ambao mabunge yote matatu uliyoyataja kwa kawaida huwa yamewaachia wabunge wao warudi majimboni. London huahirisha mwishoni mwa Julai na kurejea mwanzoni mwa Septemba, kisha baada ya wiki chache huahirisha tena kupisha mikutano mikuu ya vyama. Bunge la Ujerumani, Bundestag, hukutana kwa wiki zipatazo 20 tu katika mwaka mzima. Kalenda ya vikao hutangazwa mapema kwenye tovuti ya kila Bunge, na hiyo ndiyo ya kufunguliwa kabla ya kununua tiketi ya ndege. Nimewahi kukutana na watu waliosafiri mbali wakaishia kupiga picha mlango uliofungwa, na uchungu wao niliuona usoni.

Nitazungumzia London, ambako nimekaa jukwaani mara kadhaa. Huhitaji uraia wala mwaliko. Mgeni wa nchi yoyote hupanga foleni na kuingia bila malipo katika majukwaa ya mabunge yote mawili, yaani Bunge la Makabwela, ambalo ndilo la wabunge waliochaguliwa na wananchi, na Bunge la Malodi. Kinachowatatiza watu ni hayo Maswali kwa Waziri Mkuu. Hufanyika kila Jumatano saa 6:00 mchana Bunge linapokuwa katika mkutano, hupangiwa nusu saa, na wakazi wa Uingereza huweza kuomba tiketi kupitia kwa mbunge wao. Ninyi hamna mbunge huko, hivyo mtangoja kwenye foleni mkitumaini nafasi zitakazobaki, na mara nyingi hazibaki. Kwa mama mwenye mkongojo sioni sababu ya kujitesa kiasi hicho, tena kwa shughuli ambayo, naamini kwa dhati, si mjadala. Ni mishale inayorushwa na majibu yaliyoandaliwa tangu jana yake, na sauti za kushangilia na kuzomea ambazo hufunika maneno yenyewe.

Nendeni Jumatatu jioni. Siku hiyo kikao huanza saa 8:30 mchana na kwa kawaida huendelea mpaka saa 4:30 usiku, ilhali Jumanne na Jumatano huanza saa 5:30 asubuhi na Alhamisi saa 3:30 asubuhi. Ikishapita saa 12 jioni watalii wengi huwa wameondoka, foleni ni fupi, na kama kuna muswada unaosomwa kwa mara ya pili, ndipo mjadala wake unapopamba moto. Asubuhi ya siku mtakayokwenda, fungueni Orodha ya Shughuli kwenye tovuti na msome kichwa cha hoja. Mtu anayekaa jukwaani bila kujua kinachojadiliwa huchoka baada ya dakika kumi, lakini anayejua muswada unahusu nini na unapingwa na nani hasikii hata saa zikipita.

Mkishapita ukaguzi, ambao ni kama wa uwanja wa ndege, mtaingia Westminster Hall, ukumbi uliojengwa mwaka 1097, wenye paa la mbao lisilo na nguzo hata moja ya kulishikilia kutoka chini. Mfalme Charles wa Kwanza alihukumiwa humo mwaka 1649. Msipite haraka. Kisha mtafika katika ukumbi wa kati uitwao Central Lobby, na hapo mwambie mama ainue macho atazame madirishani. Zile nyavu nzito za chuma zilikuwa zamani ndani ya Bunge la Makabwela, zikiziba jukwaa la wanawake, ambao waliruhusiwa kusikiliza ila wasionekane. Mwezi Oktoba 1908 wanawake wawili waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walijifunga kwa minyororo kwenye nyavu hizo, na ili kuwatoa ilibidi nyavu zitolewe pamoja nao. Mwaka 1917 ziliondolewa jukwaani moja kwa moja. Mama aliyesikiliza Bunge redioni maisha yake yote bila kuonwa na mtu ataelewa kwa nini nimemtaka atazame pale.

Ukumbi wenyewe utawashangaza kwa udogo wake. Wabunge ni 650 lakini nafasi za kukaa ni 427 tu, kwa sababu ulipojengwa upya baada ya kubomolewa kwa mabomu mwezi Mei 1941, iliamuliwa kwa makusudi ubaki mdogo ili mjadala uwe wa watu kuonana uso kwa uso. Utaona kila mzungumzaji anapomaliza, wabunge kadhaa wanainuka kwa pamoja na kukaa tena. Wanajaribu kuonwa na Spika ili wapewe nafasi. Hawatajani kwa majina bali kwa majimbo. Na tazameni siwa, ile fimbo ya mamlaka ya Bunge. Ikiwa juu ya meza, Bunge limekaa kama Bunge na Spika au naibu wake yuko kitini. Ikiwa imeteremshwa chini ya meza, Bunge limekaa kama kamati na muswada unapitiwa kifungu kwa kifungu.

Jioni moja nilikaa mpaka mwisho. Nusu saa ya mwisho ya kila siku hupewa mbunge mmoja asiye waziri, azungumzie jambo la watu wake na serikali imjibu. Ukumbini walibaki wabunge wasiozidi kumi. Aliyesimama alizungumzia mabasi yaliyoondolewa katika vijiji vya jimbo lake. Alikuwa na karatasi mbili mkononi na ile ya juu ilikuwa ikitetemeka. Naibu waziri aliyeketi mbele yake alikuwa na hotuba iliyopigwa chapa, lakini mbunge alipomtaja mwanamke mmoja aliyelazimika kuacha kazi kwa kukosa usafiri, nilimwona akitoa kalamu, akafuta mistari mitatu na kuandika pembeni. Alipoinuka kujibu, sehemu hiyo hakuisoma. Alimtazama mwenzake usoni akamweleza. Walipomaliza, siwa ikanyanyuliwa, na mabawabu wakapaza sauti wakiuliza, “Nani anakwenda nyumbani?”, maneno yaliyobaki tangu enzi ambazo wabunge walirudi makwao kwa makundi kwa kuhofia wanyang'anyi njiani. Sijawahi kuona kitu cha namna hiyo katika Maswali kwa Waziri Mkuu.

Nuru ya Asubuhi alijibu:

Naunga mkono aliyoyasema Ndugu Karani kuhusu kalenda, nami niongeze ya Washington, kwa sababu huko utaratibu ni tofauti na wageni wengi huupata vibaya.

Ziara ya jengo la Capitol, yaani jengo la Bunge la Marekani, ni jambo moja na kuingia jukwaani ni jambo jingine. Ziara ni ya bure, huanzia katika kituo cha wageni kilichofunguliwa mwaka 2008, lakini haiwafikishi kwenye majukwaa ya Seneti wala ya Baraza la Wawakilishi. Kwa hayo mnahitaji kibali cha pekee, na kila baraza lina chake. Raia wa Marekani hukipata katika ofisi ya seneta au mwakilishi wake. Wageni wa nchi nyingine huulizia katika madawati ya mabaraza hayo, ghorofa ya juu ya kituo hicho cha wageni, wakiwa na pasipoti mkononi. Kituo hufungwa Jumapili. Simu, kamera, mabegi na vinywaji haviingii jukwaani kabisa, kwa hiyo nendeni mikono mitupu kadiri mnavyoweza.

Sasa niseme lililo zito zaidi. Jitayarisheni kukuta ukumbi mtupu. Mara ya kwanza nilipokaa katika jukwaa la Seneti, kulikuwa na seneta mmoja akihutubia viti, kisha akakaa, na karani akaanza kuita majina polepole mno, jina moja, kimya kirefu, jina jingine. Nilidhani nimekosea kuelewa. Kumbe huo ni utaratibu wa kuhesabu akidi, yaani kuona kama waliopo wanatosha kuendesha kikao, ambao maseneta huutumia kama njia ya kusimamisha shughuli wakati mazungumzo yanaendelea pembeni, na unaweza kuchukua dakika tano au saa nzima. Mama mliyemwahidi mjadala akikutana na hilo atavunjika moyo.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kuvizia kura. Katika Baraza la Wawakilishi, lenye wajumbe 435 wenye haki ya kupiga kura, kura hupigwa kwa kadi za kielektroniki tangu mwaka 1973, na majina ya wajumbe hujitokeza ukutani pamoja na kura zao. Kwa dakika kumi na tano au zaidi ukumbi uliokuwa jangwa hujaa watu wanaoshikana mikono, wanaonong'onezana na wanaobembelezana. Seneti yenye wajumbe 100 bado huita majina, na utaona seneta akiingia kwa haraka, akimwonyesha karani kidole gumba juu au chini, kisha akageuka na kuondoka.

Ya pili, na ndiyo ninayowasihi msiiache, ni vikao vya kamati. Hivi havihitaji kibali cha jukwaani. Mnaingia katika majengo ya ofisi za wabunge yaliyo jirani na Capitol, mnapita ukaguzi, na mnakaa nyuma ya chumba hatua chache tu kutoka kwa shahidi anayehojiwa. Wajumbe huketi juu kwa nusu duara, shahidi yuko chini mezani, na kila mjumbe hupewa kwa kawaida dakika tano zinazoongozwa na taa ya kijani, ya njano na nyekundu. Hapo ndipo mtasikia swali likiulizwa, likakwepwa, likaulizwa tena. Tangazo la vikao hutolewa siku kadhaa kabla. Fikeni mapema, maana kama shahidi ni mtu mashuhuri, viti vya umma hujaa haraka.

Mkalimani alijibu:

Kwa upande wa Berlin, msitegemee foleni. Kuingia katika jengo la Reichstag, ambamo Bundestag hukutana, kunahitaji kujiandikisha mapema kwenye tovuti ya Bundestag, mkitoa majina na tarehe za kuzaliwa za wote wawili, na majina hayo lazima yalingane na pasipoti. Ni bure. Angalieni vizuri mnachojiandikishia, kwa kuwa kupanda kwenye kuba la vioo, lililobuniwa na Norman Foster na kufunguliwa mwaka 1999, ni maombi tofauti na kuhudhuria kikao. Mkipata nafasi ya kikao, mtakaa jukwaani kwa muda wa saa moja, kisha mtapisha kundi jingine. Mipango ya kikao ikibadilika saa yenu haisogezwi, kwa hiyo mnapokea lililopo.

Mjadala ni wa Kijerumani. Mimi ni mtu wa lugha na sitawadanganya kwamba haidhuru, inadhuru. Lakini mambo mawili hayahitaji tafsiri. Tazameni waandishi wa taarifa rasmi wanaoketi mbele ya mimbari: hupokezana kila baada ya dakika tano, mmoja akija kimya na mwingine akiondoka kimya, na kalamu haisimami kati ya neno na neno. Ndugu Karani atakuwa ananielewa. Na mkibahatika kura ya mikono isipoeleweka, rais wa Bunge anaweza kuamuru wabunge wote watoke nje, kisha warudi ukumbini kupitia milango mitatu, mmoja wa ndiyo, mmoja wa hapana na mmoja wa wasioegemea upande, huku wakihesabiwa mlangoni kama mifugo inayoingia zizini. Hata jina la utaratibu huo kwa Kijerumani limetokana na kondoo.

Hapo hapo naomba kutofautiana kidogo na Ndugu Karani. Kipindi cha maswali si cha kudharauliwa kila mahali kwa sababu ya kile cha London. Canberra, mji mkuu wa Australia, maswali huanza saa 8:00 mchana kila siku ya kikao katika mabaraza yote mawili, na mgeni wa kigeni hupata nafasi bila kuhangaika sana. Ottawa, mji mkuu wa Canada, wageni hupewa vipokea sauti vya masikioni na kuwafuata wasemaji kwa Kiingereza au Kifaransa wanapobadilisha lugha katikati ya sentensi. Kwangu mimi, kumwona waziri akikabiliwa na swali la nyongeza ambalo hakuliandaa ni elimu tosha.

Karani Mstaafu alijibu:

Nakubali kwamba swali la nyongeza ndilo lenye uzito, ndugu yangu, na nilipaswa kusema hivyo. Maswali kwa mawaziri wa wizara moja moja, ambayo London hufungua kikao Jumatatu hadi Alhamisi, yana watu wachache na majibu yake yana mambo ndani. Hayo nayapendekeza bila kusita. Na yale ya waandishi nimeyaelewa mpaka vidole vikaniwasha.

Mwanasafari aliandika:

Nawashukuru sana kwa wema wenu. Nimemsomea mama majibu yote na ile habari ya nyavu aliniomba niirudie mara ya pili. Ana maswali mawili. La kwanza, yeye huandika katika daftari kila anachosikiliza. Je, ataruhusiwa kuandika? La pili, amekiri kwamba akifurahishwa na hoja hujikuta anapiga makofi. Je, wanaweza kututoa nje? Nami naongeza la kwangu: ngazi.

Mzee wa Jukwaani alijibu:

Mwanangu, mwambie mama kwamba makofi yabaki moyoni. Karibu kila Bunge duniani lina kanuni moja kwa mgeni: awepo, aone, asikie, lakini asishiriki. Kupiga makofi, kucheka kwa sauti, kutikisa kichwa kwa namna ya kumjibu mbunge, kuonyesha bango au fulana yenye ujumbe, vyote huhesabiwa kuwa ni kushiriki. Mara ya kwanza bawabu humwinamia mtu na kumnong'oneza. Mara ya pili humtoa. Kuhusu daftari, Washington hairuhusu kuandika wala kusoma ukiwa jukwaani, na kwingineko muulizeni bawabu kabla ya kutoa kalamu. Katika Bunge moja nililotembelea nilinyang'anywa penseli ya inchi tatu. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa ajili ya mjadala ule, lakini bila penseli nilisikiliza kwa makini zaidi kuliko nilivyowahi kusikiliza.

Ukali huo una historia, na ni vizuri mama aijue asije akadhani wanamdharau. Paris, mwezi Desemba 1893, mtu aliyeketi jukwaani alirusha bomu katikati ya wabunge. Spika wa siku ile, Charles Dupuy, alitangaza kwamba kikao kinaendelea. Washington, tarehe 1 Machi 1954, watu wanne walifyatua risasi kutoka jukwaa la wageni na kuwajeruhi wajumbe watano. London, mwezi Mei 2004, Waziri Mkuu Tony Blair alirushiwa unga wa zambarau ukumbini, na waliourusha walikuwa wamekaa katika viti vilivyo mbele ya kioo kipya kilichowekwa miezi hiyo hiyo kuwatenga wageni na wabunge. New Delhi, tarehe 13 Desemba 2023, wanaume wawili walioingia kwa vibali halali waliruka kutoka jukwaani wakafungulia moshi wa rangi kati ya viti vya wabunge. Kila tukio la namna hiyo limeongeza mlango mmoja wa ukaguzi. Binafsi nasikitika kila ninapokaa nyuma ya kioo, lakini nasikitika zaidi ninapofikiria siku watakapoamua kutufungia kabisa na kutuambia tutazame kwenye televisheni.

Kuhusu ngazi, msinyamaze. Mfikapo tu mlango wa ukaguzi, mwambieni mtumishi wa kwanza kwamba mama anatembelea mkongojo, kwa kuwa lifti zipo lakini haziko kwenye njia wanayopitishwa watu wote, na viti vya majukwaa mengi vimepangwa kwa mwinuko mkali. Kituo cha wageni cha Capitol huazimisha viti vya magurudumu. Kule London watu wengi sana hufika jukwaani wakiwa wamechoka kwa sababu tu hawakuuliza.

Jambo moja ambalo halijaguswa: hakikisheni Bunge liko wapi. Majengo haya ni ya zamani na hufungwa kwa matengenezo ya miaka mingi. Canada walilifunga jengo lao kuu mwanzoni mwa mwaka 2019, na wabunge wakahamia jengo la magharibi, ndani ya ua lililowekewa paa la vioo. Uholanzi nao walihama jengo lao la kale mwaka 2021. Cape Town, moto wa mwezi Januari 2022 uliuteketeza ukumbi wa Bunge la Taifa. Safari yenu haipiti huko, lakini anayesoma hapa baadaye asiende kwa kufuata picha za zamani.

Na kwa kuwa daftari litakuwa limebaki mkobani, kuna faraja. Maneno yote ya Bunge la Makabwela huchapishwa kwenye tovuti yake saa chache tu baada ya kusemwa, na ya Washington hutoka kwa kawaida kesho yake. Mkirudi mlikofikia, mfungulie mama ukurasa wa saa mlizokuwa jukwaani.

Mwanasafari aliandika:

Shikamoo Mzee, nashukuru. Tumeiacha Agosti. Nimefungua kalenda zote tatu na kuziweka pamoja, na nimepata wiki tatu za mwezi Novemba ambazo London na Berlin zinakutana, na siku nne za mwisho zinaangukia Washington kabla ya mapumziko yao. Berlin nimekwishatuma majina. Mama amesema Jumatatu jioni ya London tusiondoke mpaka siwa inyanyuliwe, na daftari atalichukua hata hivyo, kwa ajili ya usiku.